Soda Isiyopenda Safari: Mwongozo kwa Mwenye Kiu ya Ale-8

Soda hii inapatikana Kentucky. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na anayeikubali mapema atajiepushia taabu nyingi. Kentucky ni jimbo la Marekani linalosifika kwa farasi wa mbio, kwa wiski ya bourbon na kwa kuku wa kukaanga. Kuku amefika Nairobi na Dar es Salaam. Bourbon imefika kila hoteli yenye kaunta. Soda yao ya tangawizi, Ale-8-One, ambayo wenyeji huiita Ale-8 tu, imebaki nyumbani na wenyewe, na anayeitaka sharti aifuate huko huko.

Wanaouhitaji mwongozo huu kwa Kiswahili wapo, tena ni wengi. Katika miji ya Lexington na Louisville wanaishi Wakongo kwa maelfu, watu wa Kivu na kwingineko waliofika kama wakimbizi, wengi wao baada ya kukaa miaka katika kambi za nchi jirani. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika sana huko baada ya Kiingereza na Kihispania, na shule za Lexington huwaandikia wazazi kwa Kiswahili. Mgeni wao akifika kutoka Bukavu au Kigoma, amezoea maji ya tangawizi yaliyokamuliwa nyumbani, mtu amwelekeze pa kuanzia. Kundi la pili ni nyinyi mliobaki nyumbani, mlio na mpwa au shemeji Kentucky na mnaofikiria kumwagiza. Nyinyi msipige simu kabla ya kusoma mpaka mwisho.

Anza kiwandani

Winchester ni mji mdogo wa Wilaya ya Clark, kiasi cha kilomita 30 mashariki ya Lexington. Anzia hapo, hata kama friji ya sheli iliyo karibu nawe imejaa Ale-8 tele. Mnywaji anayestahili chupa yake anajua imetoka kwa nani.

Imetoka kwa G. L. Wainscott, aliyeanza biashara ya kutia soda chupani mjini humo mwaka 1902. Mwaka 1906 alitoa kola yake mwenyewe na kuiita Roxa-Kola, kwa jina la mkewe Roxanne, mfano mwema kwa wenye viwanda wote. Kisha akageukia tangawizi. Alikuwa amesafiri kaskazini mwa Ulaya na kurudi na maarifa ya vinywaji vya tangawizi vya huko, akachanganya na kuonja hadi mwaka 1926 alipoipata ladha aliyoitaka. Jina hakuwa nalo. Akaitisha shindano kwenye maonyesho ya wilaya, na ushindi ukaenda kwa msichana aliyependekeza msemo wa mitaani wa siku zile, “a late one”, uliotumika kwa kitu kipya kilichotoka karibuni. Wainscott akauandika kwa kuchezea herufi na tarakimu, na mpaka leo chupa ina ile nane yake.

Uangalie vizuri mwaka huo wa 1926. Tangu 1920 hadi 1933 pombe ilipigwa marufuku Marekani nzima, na soda za tangawizi zikapata soko ambalo hazijapata tena. Zilimfaa mtu aliyezoea kinywaji kinachouma kooni, na zilificha vizuri ubovu wa pombe ya magendo. Karibu kila mji ulikuwa na mtu wake wa kutia soda chupani, mwenye mapipa ya sukari, mashine ya gesi na gari la kuzungukia maduka. Wengi wao walifunga, na soda zao zikapotea pamoja nao. Ukiishika Ale-8 mkononi, umeshika mmoja wa wachache waliobaki.

Wainscott alifariki mwaka 1944. Biashara ikapitia kwa mke wake wa pili na kuingia mikononi mwa jamaa zake, ukoo wa Rogers. Mwaka 1962 ilisajiliwa kwa jina la soda yenyewe, na soda nyingine zikaachwa moja baada ya nyingine, hata ile ya Roxanne. Ukoo wa Rogers ndio wenye mali mpaka leo. Fielding Rogers, aliyeiongoza kampuni katika karne hii, anajulikana kwa kukichanganya kiini cha soda mwenyewe, kwa kanuni ambayo ni siri ya familia.

Sasa elewa kwa nini haisafiri, maana bila hilo utaishia kuwalaumu watu wa maduka bure. Stoney Tangawizi uliyokua nayo ni mali ya Coca-Cola. Mwaka 1899 wanasheria wawili wa Chattanooga, Tennessee, walipewa kwa dola 1 haki ya kutia Coca-Cola kwenye chupa, na tangu wakati huo kampuni hiyo imeieneza biashara yake duniani kwa mpango mmoja: kiini kinasafiri, na maji, chupa, kreti na lori ni vya mwenyeji. Kiini ni chepesi na hakichukui nafasi. Ndiyo maana soda za kampuni moja hutiwa chupani Moshi kwa ajili ya watu wa Moshi, na Kisumu kwa ajili ya watu wa Kisumu, na mnywaji haoni tofauti.

Ale-8 haikuufuata mpango huo. Kiini kimebaki Winchester, na kiwanda ni cha Winchester. Soda ikitoka mlangoni imeshakuwa nzito, imejaa maji, imevaa kioo, imepanda lori, na kila kilomita inakula faida yake. Mwenye mali angeweza kuuza haki ya kuitengeneza kwa wengine na kukaa akihesabu hundi. Ameng'ang'ania chungu chake. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko ninavyowaheshimu matajiri wa soda zinazopatikana kila uwanja wa ndege.

Kiwanda hupokea wageni wanaotaka kukitembelea, lakini uliza siku na saa kabla ya kwenda. Nenda na watoto. Mtoto aliyeona chupa zikipita kwenye mkanda, zikijazwa na kupigwa vizibo, ataiheshimu soda hata akiwa mtu mzima.

Chagua chupa ya kioo

Ale-8 inauzwa kwenye makopo na kwenye chupa za plastiki pia. Utaona watu wazima, wenye akili zao, wakinunua za plastiki. Wasalimie na uendelee na safari.

Chupa yake ni ya kijani, ndefu shingoni, ya ujazo wa mililita 355, na Mwafrika Mashariki ana haki ya kuitazama kama jamaa. Sisi tumelelewa na chupa za kurudishwa. Mtoto akitumwa soda dukani hutumwa na chupa tupu, na asiyekuwa na chupa anaacha pesa ya chupa au anainywa hapo hapo dukani huku muuzaji akimkodolea macho. Chupa ni mali, inahesabiwa, ina mwenyewe. Marekani nao waliishi hivyo zamani. Kisha yakaja makopo na plastiki, na kuanzia miaka ya 1960 kampuni moja baada ya nyingine ikaona ni nafuu kumwachia mnywaji takataka kuliko kumrudia kuchukua chupa. Ale-8 iliendelea kuosha na kujaza upya chupa zake za kioo kwa miongo mingi baada ya karibu wenzake wote kuacha, na watu wa Winchester wakaendelea kurudisha kreti zao.

Chupa inayorudi nyumbani huweka mpaka wa biashara. Haiwezi kwenda mbali kuliko lori linavyoweza kwenda na kurejea, kwa hiyo soda ya chupa ya kurudishwa ina wilaya yake, kama chifu. Wanaoshangaa kwa nini Ale-8 ilikaa mashariki na katikati ya Kentucky miaka yote hiyo wakumbuke chupa hiyo, halafu wakumbuke na kiini kisichotoka Winchester.

Ukiiona chupa yenye michirizi myeupe mabegani na kiunoni, pale inapogusana na wenzake kwenye kreti, ichukue hiyo. Imejazwa mara nyingi. Imeshapita mezani kwa watu wengi kabla yako, ikaoshwa, ikarudi kazini.

Namna ya kuinywa

Ipoe kabisa. Najua kwetu kuna swali la muuzaji, baridi au ya moto, na najua wapo wazee waheshimiwa wanaochagua ya moto kwa ajili ya kifua. Kwa Ale-8 jibu ni moja. Iache kwenye friji usiku kucha, isikae kwenye gari mwezi Julai hata nusu saa.

Usiitafutie moto wa tangawizi. Aliyezoea Stoney, inayopanda puani na kumtoa mtu machozi, atakunywa mafunda mawili ya kwanza akisubiri ngumi isiyokuja. Mama wa Kikongo anayeponda tangawizi kilo nzima, akakamua na kuchuja na kutia ndimu, ataionja na kusema imetiwa maji. Vuta subira. Ale-8 ni ya rangi ya dhahabu iliyopauka, ina gesi kidogo kuliko soda za kawaida na sukari iliyopunguka kiasi, na ndani ya tangawizi kuna uchachu wa matunda unaojitokeza taratibu. Ikifika katikati ya chupa utaanza kuielewa. Kwa sababu gesi yake ni ya upole, unaweza kuinywa pamoja na chakula bila kushiba hewa, na hapo ndipo ilipo nguvu yake: kwenye meza yenye nyama choma, pilau au samaki wa kukaanga inafanya kazi ambayo kola haiwezi.

Jambo moja la kuzingatia sana: ina kafeini. Soda nyingi za tangawizi za Marekani hazina hata chembe, lakini hii ina kiasi cha miligramu 37 katika chupa moja, sawa na kola au zaidi kidogo. Usimpe mtoto saa tatu usiku kwa sababu umeona imeandikwa tangawizi. Na usiifanye dawa. Detroit wanachemsha Vernors yao kumpa mwenye tumbo linalosumbua, kwetu Stoney inapelekwa kwa mgonjwa wa mafua, na mapenzi hayo nayajua. Lakini tangawizi inayosaidia kichefuchefu ni ile uliyoiponda na kuichemsha mwenyewe, na sukari ya soda haimsaidii mgonjwa yeyote. Ale-8 inywe ukiwa mzima, kwa sababu ni tamu.

Wenyeji huichanganya na bourbon, na wengi wanakiona kinywaji hicho kuwa cha jimbo lao. Asiyekunywa pombe hajapoteza kitu. Huipikia pia: hulowekea nyama, huitia kwenye keki na kwenye maandazi ya tofaa. Nyama ya mbavu iliyolala ndani yake kabla ya kwenda jikoni ninaipendekeza bila woga, ukiongeza kitunguu saumu na pilipili manga.

Ladha nyingine zipo. Kwa zaidi ya miaka 90 kulikuwa na ladha moja, ukiacha ile isiyo na sukari, kisha mwaka 2018 ikaja ya cheri, na baada yake zikafuata nyingine. Sina ugomvi nazo. Anayekunywa kwa mara ya kwanza aanze na ile ya 1926.

Mahali pa kuitafuta

Ukiwa Winchester huhitaji kutafuta. Ukiwa Lexington, ingia sheli yoyote, duka lolote la Kroger, mgahawa wowote wenye kuheshimu wateja. Ukienda mashariki zaidi, kwenye mabonde ya Red River Gorge, utakuta vijana wa kupanda majabali kutoka pande zote za dunia wamekaa Miguel's Pizza, pale Slade, mikono ikiwa imechubuka, kila mmoja na chupa yake ya kijani. Hao ndio wajumbe wakubwa wa Ale-8 nje ya Kentucky. Wanarudi kwao Colorado na Ujerumani wakiwa na kiu isiyoweza kutulizwa huko.

Nje ya jimbo mambo hupungua kadiri unavyosogea. Mwaka 2001 kampuni ilikubaliana na wasambazaji wa Coca-Cola wa eneo la Cincinnati, na kuanzia hapo soda ikavuka Mto Ohio na kuingia kusini mwa Ohio na Indiana. Lori lilikuwa la mtu mwingine, lakini kiini kilibaki palepale, na mpango wa namna hiyo ninauunga mkono kabisa: azima magurudumu, usiazimishe chungu. Migahawa ya Cracker Barrel, yenye duka mlangoni, imekuwa ikiiuza mbali zaidi ya hapo. Kampuni yenyewe inauza kwa intaneti na kutuma kwa posta ndani ya Marekani, ila ujiandae: unalipia kusafirisha kioo na maji, na gharama ya kutuma inaweza kukufanya uketi chini.

Usikubali mbadala. Muuzaji wa Chicago atakuambia ana soda ya tangawizi nzuri tu, na anasema kweli, lakini kila moja ina kwao. South Carolina wana Blenheim, kali ya kutoa jasho. Alabama wana Buffalo Rock ya Birmingham. Detroit wana Vernors, kongwe kuliko zote hizo, inayohesabiwa kuanzia 1866 na mfamasia James Vernor. Kisa cha Vernors kinafaa kukaa moyoni mwa kila anayemshinikiza mwenye Ale-8 apanuke haraka. Ilikuwa soda ya mji, kiwanda kikiwa Woodward Avenue, watu wakienda kukitazama. Familia ikauza mwaka 1966. Mwenye kununua akaja kuuza kwa mwingine. Mwaka 1985 kiwanda cha Detroit kikafungwa, na leo jina ni mali ya kampuni kubwa yenye majina mengine mengi. Vernors inapatikana kwa urahisi zaidi kuliko Ale-8, na watu wa Detroit bado wanaipenda kwa dhati. Kiwanda cha kuwapeleka watoto hawana.

Kentucky nao walijua walicho nacho. Mwaka 2013 bunge la jimbo liliitambua rasmi Ale-8-One kuwa soda ya asili ya Kentucky. Mabunge hupoteza muda kwa mambo mengi. Siku hiyo halikuupoteza.

Ukitaka kuagiza

Sasa nyinyi wa nyumbani. Inawezekana. Soda haina shida kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, ila kwenye begi la mkononi itanyang'anywa pale ukaguzi, maana imezidi mililita 100. Mpwa wako ana kilo 23 kwa begi moja kwenye safari nyingi, na kilo hizo zimeshagawiwa: viatu vya babu, dawa za shangazi, simu ya mtu fulani, nguo za watoto wa kanisani. Ukimwomba kreti, umemwomba asimletee mtu mwingine yeyote chochote, na wakijua ni wewe, utaishi nayo.

Omba chupa mbili, usizidishe. Azifunge kila moja kwa kitenge, kisha azitie ndani ya viatu, shingo ikielekea kisigino, katikati ya begi na mbali na kingo. Zikifika, zisifunguliwe siku hiyo. Zipumzike wima, zipoe, ndipo muite watu. Chupa moja inatosha vikombe vitano vya kahawa, vile vidogo vya Pwani, na kwa mara ya kwanza ni kipimo kizuri. Mzee aanze. Chupa tupu isitupwe.

Na kama mpwa amesema mzigo umejaa, mwache. Nenda dukani ukanywe Stoney baridi, yenye machozi yake, au umkamulie mtu tangawizi nyumbani. Ale-8 haikutengenezwa ikufikie. Ilitengenezwa iwepo Winchester utakapofika, na nyinyi mlioko Lexington, mlio na barabara kuu ya 64 mlangoni na mwendo wa nusu saa tu, hamna udhuru. Jumamosi hii pakieni watoto kwenye gari, mwende mkainunue kwa wenyewe, ya kioo, na kila mtakapokuta duka linalopokea chupa tupu, zirudisheni.